Mkebe wa Sarafu: Mwongozo Kamili wa Kufundisha Fizikia kwa Mkusanyiko wa Nyumbani

Konda wa daladala akitaka nauli haongei. Anazichezesha sarafu kiganjani, na abiria wa kiti cha nyuma anaanza kujipapasa mifuko. Usiku, taa ya ndani ikiwa imekufa, konda huyohuyo anatoa chenji bila kutazama na hakosei: sarafu ya shilingi 50 ya Tanzania anaijua kwa pembe zake, 500 kwa upana na uzito. Anapima umbo, kipenyo na uzito kwa vidole vinne, huku mguu mmoja ukining'inia mlangoni.

Mimi nakusanya sarafu tangu nikiwa darasa la tano, na nafundisha fizikia sekondari. Kwa muda mrefu mambo hayo mawili yaliishi nyumba moja bila kusalimiana. Mkebe wa biskuti ulikaa kabatini umejaa, nami nikienda darasani kuchora ubaoni vifaa ambavyo maabara haina. Kilichonifumbua macho ni jambo dogo: katika wilaya nzima huwezi kupata visahani 60 vya chuma vinavyolingana kipenyo na uzito, ila duka lolote litakubadilishia noti upate sarafu 60 za namna hiyo. Kiwanda cha sarafu hufanya kazi kwa vipimo vikali. Tena, serikali inapobana matumizi hubadilisha metali ya ndani na kuacha sura ileile. Kwa mwalimu huo ni mtaji, kwa sababu kigezo kimoja kimeshikiliwa na kingine kimebadilishwa, na hukulipa hata senti ya ziada.

Ukikusanya gololi, vizibo, funguo au makufuli, njia ni hiihii. Ninachokijua vizuri ni sarafu, basi nitaeleza kwa sarafu.

Hatua ya 1: Gawa mkebe mara mbili

Kabla ya somo lolote, tenga za kuhifadhi na za kazi. Za kuhifadhi ni zile ulizonazo moja tu, au kuukuu zenye kumbukumbu. Za kazi ni zilizojirudia, zilizochakaa, na za sasa zinazopatikana dukani.

Niliijua kanuni hii baada ya kuumia. Nilikuwa na senti 10 ya tundu, zile za Afrika Mashariki zenye pembe za ndovu kandokando ya tundu, imepata rangi ya kahawia iliyoiva kama chai ya rangi. Nikaona niwapendezeshe wanafunzi, nikaisugua kwa limau na chumvi. Ikang'aa kama kitasa kipya. Ile rangi ilikuwa ngozi yake iliyojijenga kwa miongo mingi, nikaivua kwa dakika mbili, na hairudi. Tangu siku hiyo hakuna sarafu ya kuhifadhi inayosafishwa wala kuguswa na siki, moto au sumaku kali mikononi mwangu.

Na zile zinazotumika madukani leo, usizitoboe, usizikate, usizichome. Kuharibu fedha halali ni kosa. Kuzipima, kuzirusha na kuzilowesha hakuna tatizo.

Hatua ya 2: Pata za nje bila kununua

Maduka ya kubadilisha fedha kwa kawaida hayapokei sarafu za kigeni, noti tu. Kwa hiyo kila aliyewahi kusafiri ana kikopo cha sarafu zisizomsaidia kitu. Waombe shangazi aliyetoka Uingereza, kaka aliye Canada, jirani aliyekuwa baharia, mwendesha watalii. Orodha yangu ya kuomba ni fupi, na kila iliyomo ina somo lake:

- Peni 1 na peni 2 za Uingereza, za kabla ya 1992 na za baada yake.
- Senti 1 za Marekani, za kabla ya 1982 na za baada yake.
- Senti 5 za Canada za 1955 hadi 1981, na senti 5 za Marekani za 1946 na kuendelea.
- Yeni 1 ya Japani, au faranga 1 za zamani za alumini kutoka Burundi au Rwanda.
- Senti za tundu za Afrika Mashariki. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921 na senti za tundu ziliendelea kutolewa hadi 1964, kwa hiyo bado zimejaa kwenye mikebe ya mabibi zetu. Mji Mkongwe, Zanzibar, wanawauzia watalii, na bei yao ni ya watalii.

Hizi zisipopatikana usisubiri. Sarafu za mfukoni peke yake zinatosha theluthi mbili ya masomo yafuatayo.

Hatua ya 3: Sajili, na mfundishe kupima hapohapo

Tafuta daftari la mistari. Kila sarafu ipewe namba, nchi, mwaka, kipenyo, unene, tungamo (kiasi cha maada, kwa gramu), na safu moja uandike "inavutwa / haivutwi". Wape wanafunzi kazi hiyo wawili wawili. Mizani nzuri ni ile ndogo ya kidijitali ya masonara inayosoma hadi 0.1 g au 0.01 g. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzimanzima inafaa pia, ila utapima sarafu 10 kwa pamoja na kugawa.

Kugawa kwa 10 ni somo tosha. Mwambie mwanafunzi apime unene wa sarafu moja kwa rula. Atasema milimita 2. Mwenzake atasema moja na nusu. Waache wabishane kidogo, kisha wapange 10 mnara mmoja: 20.3 mm, gawa kwa 10, unapata 2.03. Rula ni ileile yenye milimita, lakini kosa la jicho limegawanywa kwa kumi. Kwa kipenyo, viringisha sarafu kwenye karatasi mzunguko mmoja kamili toka alama hadi alama, gawa kwa 3.14, halafu linganisha na kipimo cha kalipa.

Sarafu nyingine ni mawe ya mizani tayari. Yeni 1 ina tungamo la 1 g. Senti 5 ya Marekani ni 5 g. Peni 1 ya Uingereza ni 3.56 g na peni 2 ni 7.12 g, yaani mara mbili kamili, kwa hiyo fedha ya pauni moja (peni 100) kwa sarafu hizo ni 356 g hata ukizichanganya vipi. Waulize wanafunzi mwenye benki anafaidika nini na hilo. Kuna mmoja atajibu kabla hujamaliza, na mara nyingi ni yule ambaye mama yake ana genge.

Neno moja juu ya lugha. Sekondari mtihani ni wa Kiingereza, nami nafundisha istilahi zao, lakini jaribio lenyewe naliendesha kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Tofauti ya tungamo na uzito (nguvu ambayo dunia inakivuta kitu) haijapata kueleweka kwa mtu anayetafsiri kichwani huku akitazama mizani.

Hatua ya 4: Msongamano, na lile kosa lenye faida

Hapa tenga vipindi viwili. Chukua peni 2 kumi za kabla ya 1992 na kumi za baadaye. Za zamani ni bronzi, karibu yote shaba. Mpya karibu zote ni chuma kilichopakwa shaba. Laza rula juu ya penseli yenye pembe sita, egemeo likiwa katikati, uweke mnara mmoja huku na mwingine huku kwa umbali sawa. Rula inatulia. Sasa ishushe minara uisimamishe ubavu kwa ubavu mezani: mmoja ni mrefu kuliko mwenzake kwa karibu milimita 2. Uzito sawa, kimo tofauti. Usieleze. Waache watazame.

Kisha waambie watafute msongamano kwa hesabu, yaani tungamo gawa kwa ujazo. Ujazo ni eneo la duara mara kimo. Kipenyo ni 25.9 mm, kwa hiyo eneo ni takriban 5.27 cm². Mnara mpya una kimo cha 2.03 cm, ujazo ni 10.7 cm³, tungamo ni 71.2 g. Jibu: 6.7 g kwa kila cm³. Halafu wafungue kitabu. Chuma ni karibu 7.8.

Walimu wengi hapa wangesema "makosa ya vipimo" wakaendelea. Usiende popote. Tofauti ya asilimia 15 hailetwi na macho wakati rula na mizani vimekubaliana. Mpe kila mmoja sarafu aipitishe ukucha kutoka katikati hadi ukingoni. Ukucha utakwama: ukingo umeinuka kuliko uso. Sarafu zikipangwa zinakaa ukingo juu ya ukingo, na katikati kuna hewa. Wamepima chuma pamoja na hewa! Kwangu hii ndiyo dakika bora ya muhula, maana jibu lililokataa limewapeleka kwenye kitu walichokishika mkononi tangu asubuhi bila kukiona.

Sasa wapime ujazo wa kweli:

1. Weka kikombe cha plastiki chenye maji juu ya mizani ya kidijitali, uirudishe sifuri.
2. Tia sarafu 20 kwenye kipande cha neti ya vitunguu, funga kwa uzi. Kama ni senti za tundu, zitunge kwenye uzi kama shanga, neti haihitajiki.
3. Zitumbukize zizame zote bila kugusa chini wala ubavuni, ukiwa umeshika uzi. Zitikise taratibu viputo vya hewa vitoke.
4. Soma mizani. Imepanda kwa gramu sawa na maji yaliyosukumwa, na gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo.

Kwa peni 2 ishirini mpya utapata kama 18 g. Kwa za zamani kama 16 g. Gawanya 142.4 kwa kila moja uone metali zikijitaja zenyewe: 7.9 na 8.9. Swali la kuwabakizia usiku: kwa nini mizani ilipanda wakati sarafu zimeshikwa na uzi mkononi mwako? Asiyejua kanuni ya Archimedes atalala nalo. Anayeijua kwa kukariri naye atalala nalo.

Darasa likiwa na wepesi, ongeza kopo la siri. Senti 1 ya Marekani ya kabla ya 1982 ni 3.11 g, ya baada ni 2.5 g, na sura ni ileile (za 1982 ziache pembeni, mwaka huo zilitoka aina zote mbili). Fungia 10 zilizochanganywa ndani ya kikopo unachojua uzito wake, uliza: za zamani ngapi? Kama sarafu peke yake ni 27.4 g, basi zimezidi 25 kwa 2.4, na 2.4 gawa kwa 0.61 ni karibu 4. Fungua kopo mbele yao. Mwalimu wa kemia akipita mlangoni mwite: ni hesabu yake ileile ya isotopu, zile atomu za elementi moja zenye uzito tofauti.

Hatua ya 5: Sumaku

Sumaku nzuri haiuzwi duka la vitabu. Iko ndani ya spika iliyokufa, na iliyo kali zaidi iko ndani ya diski kuu ya kompyuta mbovu. Fundi wa kompyuta atakuachia kwa bei ya soda. Ile ya kompyuta inafinya ngozi, ishike kwa kitambaa. Watoto wadogo wasikaribie: sumaku mbili zikimezwa hunasana tumboni zikibana utumbo katikati, na hiyo ni dharura ya hospitali.

Anza kwa kura. Kila mwanafunzi aandike anatabiri zipi zitavutwa: 50, 100, 200, 500. Halafu jaribuni. Sikutajii majibu, jaribu na za miaka tofauti. Utasikia "Mwalimu, hii imekataa!" kutoka kila pembe, na sauti hiyo ni dalili kwamba mtu alikuwa na wazo kichwani kabla ya jaribio. Mwanafunzi asiyetabiri hashangai kitu.

Kisha leta fumbo la nikeli. Nikeli ni metali inayovutwa na sumaku, kitabu kinasema hivyo. Senti 5 ya Marekani ina nikeli asilimia 25, iliyobaki ni shaba: sumaku haiitaki. Senti 5 ya Canada ya 1955 hadi 1981 ni nikeli tupu: inaruka yenyewe. Usumaku haugawanyiki kama sukari kwenye chai. Unategemea jinsi atomu zinavyokaa jirani na kushawishiana, na shaba ikijaa katikati, ushawishi huo hupotea.

Sasa jaribio ninalolipenda kuliko yote. Inamisha ubao mwembamba laini, bandika sumaku ya kompyuta chini yake, teremsha sarafu juu. Utaona tabia tatu. Ya chuma inanasa. Ya shaba na nikeli inateleza kama hakuna kitu. Ya bronzi, ambayo sumaku haiivuti kabisa, ikifika juu ya sumaku inapunguza mwendo kana kwamba imeingia kwenye asali, ikishapita inaendelea. Metali inayopitisha umeme vizuri ikikatiza uga wa sumaku huzaliwa mikondo ya umeme inayozunguka ndani yake, nayo mikondo hiyo hupinga mwendo ulioizaa. Shaba iliyochanganywa na nikeli robo nzima hupitisha umeme vibaya, kwa hiyo mikondo yake ni hafifu.

Halafu teremsha yeni ya alumini. Wanafunzi wote watatabiri kwamba shaba itachelewa zaidi, kwa sababu shaba ndiyo bingwa wa umeme. Alumini inachelewa zaidi. Inapitisha umeme kidogo kuliko shaba, ila msongamano wake ni 2.7 dhidi ya karibu 9, na kinachoamua ni breki ukigawa kwa mzigo. Kila dereva wa fuso analijua hilo.

La mwisho la sumaku ni la mwalimu peke yake, wanafunzi wakae mita mbili nyuma. Fungia senti 5 ya nikeli tupu (ya kazi, si ya kuhifadhi) kwa waya mwembamba, ining'inie kama pendulamu, na sumaku ya spika iivute kwa pembeni bila kugusana. Iwashe moto kwa chini, jiko dogo la gesi linatosha, sumaku ikae mbali na mwali. Ikifika karibu nyuzi 358 za Selsiasi, nikeli inasahau usumaku na kuachia. Inabembea mbali, inapoa, inakumbuka, inarudi.

Hatua ya 6: Mwendo

Haya ni mepesi, fanya manne kwa kipindi kimoja.

Sarafu juu ya kadi juu ya glasi, kadi ichopolewe kwa kidole: sarafu inaanguka ndani. Kila kitabu kinalo. Ongeza moja ambalo hakina: rudia kwa sarafu nzito na nyepesi, kisha vuta kadi polepole. Kadi ikienda polepole msuguano unapata muda wa kuivuta sarafu, na hapo ndipo wanafunzi wanaona kwamba ujanja haukuwa wa glasi bali wa muda.

Sarafu mbili ukingoni mwa meza, moja idondoke wima na nyingine ipigwe kwa mlalo kwa wakati mmoja. Fumbeni macho, sikilizeni. Ni mlio mmoja. Meza ya sentimita 80 inachukua sekunde 0.4 kwa zote mbili, hata ile iliyoruka hadi mlangoni.

Ubao wa keram wenye poda ni maabara ya migongano. Panga sarafu tano sawa zikigusana, piga kwa moja: inatoka moja upande wa pili. Piga kwa mbili: zinatoka mbili. Kisha tumia sajili ya Hatua ya 3. Piga nzito kwa nyepesi, nyepesi inarudi nyuma. Piga nyepesi kwa nzito, zote zinakwenda mbele. Mchezaji wa keram anayajua haya yote kwa mkono. Mpe kalamu ayaandike.

Na la kumalizia: pangeni sarafu 4 ukingoni mwa meza zikitokeza nje, ya juu ikae yote hewani kupita ukingo. Inawezekana, kwa hesabu nyembamba sana: ya juu itokeze nusu ya kipenyo, ya pili robo, ya tatu sehemu moja ya sita, ya nne sehemu moja ya nane. Jumla ni 1.04. Kwa mikono inayotetemeka ongeza sarafu ya tano au ya sita.

Hatua ya 7: Maji na joto

Yeni 1 ikilazwa kwa upole juu ya maji haizami, ingawa alumini ni nzito kuliko maji. Inama uangalie kwa ubavu: uso wa maji umebonyea kama godoro, sarafu imekaa shimoni. Gusa maji kwa tone moja la sabuni ya vyombo, mbali na sarafu. Inazama. Kwa sarafu nyingine, hesabuni matone ya maji yanayokaa juu ya uso kabla ya kumwagika, maji matupu halafu ya sabuni. Wape bomba la sindano lisilo na sindano.

Sarafu kwenye bakuli isiyoonekana hadi maji yamiminwe na kupinda mwanga: inajulikana, ifanye, songa mbele.

Chupa ya soda ya kioo iliyolala kwenye friji, mdomo umelowa, sarafu ya 100 juu yake. Ishike kwa viganja viwili. Baada ya muda sarafu inaanza kugonga, tiki, tiki, hewa ya ndani ikitanuka na kutafuta njia. Ukiachia, inaendelea kidogo. Niliwahi kuifanya darasa likiwa na kelele, wakanyamaza wote bila kuambiwa.

Senti ya tundu inaleta swali ambalo wengi hushindwa, nami nilishindwa chuoni: ukiichoma, tundu linapanuka au linajifinya? Wengi husema linajifinya, kwa kuwa metali inatanuka kuelekea ndani. Hapana. Sarafu yote inakua kama picha iliyokuzwa, tundu nalo linakua. Tundu lenyewe ni dogo mno kuonekana likibadilika, kwa hiyo onyesha kwa kipenyo: gongelea misumari miwili ubaoni, senti 10 chakavu ipite katikati kwa shida. Ichome kwa koleo juu ya gesi hadi kama nyuzi 200 na kitu, haipiti tena, maana imeongezeka kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ipoe, inapita. Kwa tundu, waambie waende nyumbani wakatazame mama anavyomimina maji ya moto juu ya mfuniko wa chupa ya jamu uliogoma.

Hatua ya 8: Umeme kidogo

Mwaka 1800 Alessandro Volta alitangaza betri yake ya kwanza, visahani vya metali mbili vilivyopandana na vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi katikati. Nawe fanya hivyo: sarafu yenye uso wa shaba, karatasi ya shashi iliyolowa siki na chumvi, kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni, kisha sarafu tena. Kila ngazi inatoa takriban nusu volti kwenye mita ya fundi, na ngazi tano au sita zinawasha taa ndogo nyekundu ya LED kwa mwanga hafifu. Ngazi zisigusane kwa pembeni, na siki isichuruzike. Makosa tisa kati ya kumi yako hapo. Sarafu zitabaki na madoa, kwa hiyo ni za kazi tu, na zioshwe siku ileile.

Hatua ya 9: Nusu-maisha

Nusu-maisha ni muda ambao nusu ya atomu zenye mionzi huoza. Somo hili linatumia sarafu nyingi na akili kidogo, linafaa kipindi cha mwisho cha Ijumaa. Kila kundi lipewe sarafu 60 za 50 au 100 ndani ya kopo. Tikisa, mwaga mezani. Zilizolala upande wa kichwa "zimeoza", zitolewe. Hesabu zilizobaki, andika, rudia. Chora grafu: 60, kisha 30 na kitu, 15 na kitu. Hakuna anayeweza kusema sarafu ipi itaoza mrusho ujao, lakini grafu ya kila kundi inajipinda vilevile, na mkijumlisha makundi yote kwenye ubao mkunjo unakuwa laini kama wa kitabuni.

Usisahau kuhesabu sarafu kabla na baada. Sisemi kwa nini.

Mara ya mwisho nilipolifanya, kundi la dirishani lilibaki na sarafu moja iliyogoma. Mrusho wa saba, wa nane, wa tisa, upande wa swala tu juu. Wenzao wakaacha yao wakaja kuwazunguka. Mmoja akasema imezoea. Mwingine akamjibu sarafu haina kumbukumbu, kila mrusho ni nusu kwa nusu. Kengele ikalia wakiwa bado wanabishana, na hakuna aliyeinuka mpaka ilipoanguka kichwa, mrusho wa 11.